Swali la Dozi

Mimi sina moyo wa kusamehe, niseme mapema ili tusije tukalaumiana mbele ya safari. Mama anasema nilizaliwa nimekunja ngumi. Dada yangu, ambaye kwa hesabu za ukoo ni mtoto wa mama mkubwa lakini tumelelewa chumba kimoja na kugombania shuka moja, yeye alipewa upole wote, wake na wangu. Ndiyo maana walipomfukuza chuo alilia siku mbili, ya tatu akanawa uso akaenda kutafuta kazi. Mimi nilikuwa bado sekondari, sikufukuzwa na mtu, lakini hasira yake niliichukua mimi nikaifuga miaka minne.

Chuo chenyewe ni cha ufamasia. Kina madarasa sita, maabara moja yenye masinki mawili yaliyoziba tangu enzi za mababu, na bweni lenye vitanda vya chuma vinavyopiga kelele ukijigeuza. Na kina kasha. Kasha ni boksi la katoni tu, lililokuwa limebeba chupa za maabara, limezungushiwa gundi ya karatasi mpaka limekuwa gumu kama sanduku la mbao. Ndani mna mitihani ya zamani ya kila somo, madaftari ya waliokwisha kuhitimu, na majaribio yaliyosahihishwa. Kila mwaka, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanamchagua mmoja wao kuwa mtunza kasha. Sheria yake ni moja: ukitoa karatasi kwenda kuisoma, siku ya kuirudisha unaweka na ya kwako. Hakuna anayekataliwa, na hakuna anayechukua bila kuacha.

Mtu asiseme ni wizi. Mtihani ukiisha unatoka na karatasi ya maswali mkononi, halali yako. Walimu wote wanalijua kasha. Kuna mmoja wa somo la mimea aliyewahi kumtuma mwanafunzi amtafutie humo mtihani wake mwenyewe wa miaka mitano nyuma, maana alikuwa amepoteza nakala.

Tatizo lilikuwa mwalimu wa dozi. Sisi tulimwita Mwongozo, kwa sababu kila ukimuuliza jambo anajibu, "Kwa mujibu wa mwongozo." Alikuwa mtu mrefu, koti jeupe limenyooka kila siku kama limetoka dukani, na kwapani ana faili la kijani ambalo halimtoki hata akienda msalani. Ndani ya faili hilo mlikuwa na mwongozo wake wa kusahihisha. Mitihani yake haikubadilika. Mwaka huu mtoto mgonjwa ni wa kiume, mwaka ujao ni wa kike, basi, hayo ndiyo mabadiliko. Uzito ni kilo kumi na sita, mwaka nenda mwaka rudi. Mtoto huyo kama angekuwa mtu wa kweli angekuwa na ndevu sasa.

Swali ni hili. Mtoto ana kilo kumi na sita. Anatakiwa miligramu kumi kwa kila kilo. Dawa ya maji ina miligramu arobaini katika kila mililita. Mpe mililita ngapi? Hata asiyesoma ufamasia anaweza: kumi na sita mara kumi ni mia na sitini, gawa kwa arobaini, unapata nne. Mililita nne, hazijai hata kijiko cha chai.

Mwongozo wa Mwongozo ulisema arobaini. Vijiko vinane vya chai, vyote kwa mtoto mmoja, kwa mara moja.

Waliomwendea zamani na majaribio yao yaliyochorwa mikasi ya kukosa walijibiwa kwamba mwalimu ni yeye. Swali la dozi ni la lazima, ukilikosa umeanguka mtihani mzima hata kama mengine yote umepata, kwa hiyo watu wakaacha kubishana. Kwenye kasha kukawa na karatasi yenye maneno haya, kwa mwandiko wa duara, kila herufi imekaa kitako: "Hesabu inatoa 4. Yeye anataka 40. Mtihanini andika 40, kazini toa 4." Mwandiko ule ulikuwa wa dada yangu. Alikuwa mtunza kasha wa mwaka wake.

Watu wote waliandika arobaini wakafaulu. Yeye, siku ya mtihani wa mwisho, mkono ukamgomea. Aliniambia hivyohivyo, kwamba alishika kalamu akamwona yule mtoto. Akapiga hesabu yake, akaandika nne, na chini yake akaandika: "Mwongozo unasema 40. Namwomba mwalimu aipige hesabu hii mwenyewe, kabla hatujaingia kazini."

Mtu mwenye akili angepiga hesabu. Mwongozo alijiuliza kitu kingine: huyu amejuaje mwongozo wangu unasema nini? Wakaja kupekua bwenini, wakamkuta na kasha uvunguni. Kamati ikakaa nusu saa. Kosa: kukutwa na mitihani na majibu yasiyo yake. Hesabu yenyewe hakuna aliyeitazama. Darasa lake zima, watu arobaini na kitu waliokuwa wamekula kutoka kasha lile, walikaa kimya kama wamemwagiwa maji. Aliandika barua tatu kwa mkuu wa chuo. Ya kwanza na ya pili hazikujibiwa, ya tatu ilijibiwa kwa sentensi moja: suala hilo limefungwa.

Kasha walilichoma. Mwezi haukuisha, jingine likawa limezaliwa, maana kila mtu alikuwa na nakala zake godoroni. Na ile karatasi ya dada ikarudi, safari hii kivuli chake, kimetolewa kwenye mashine ya fotokopi.

Dada akapata kazi kwa dobi, mtaa wa pili kutoka chuoni. Wanafua mashuka ya hospitali na makoti meupe ya chuo. Kila koti lina namba imeshonwa kwa uzi mwekundu ndani ya kola. Namba saba ni la Mwongozo. Kila Alhamisi alikuja kulichukua mwenyewe, akaweka kikaratasi chake cha kuchukulia nguo juu ya kaunta, akapokea koti kutoka mkono wa dada yangu, akaenda zake. Miaka minne. Hakuwahi kumtambua. Hivi unaielewa hiyo? Mtu amekukatia riziki halafu kila wiki anapokea nguo kutoka kwako na hata uso wako haujui.

Siku moja nilimwambia dada aliunguze, aache alama ya pasi mgongoni, pale pale katikati. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto mwenye homa. "Koti limekosa nini, mdogo wangu?" akaniambia, akalikunja.

Ndiyo nikaenda kusoma ufamasia. Wazazi walidhani nimeipenda kazi. Kwa kuwa jina la baba yangu na la baba yake dada si moja, hakuna aliyetuunganisha. Mwaka wa kwanza nilifunga mdomo nikatazama. Mwaka wa pili nikakisoma kitabu cha kanuni za wanafunzi, kile ambacho kila mtu anapewa na kukitumia kukalia bustanini. Ukurasa wa thelathini na moja niliukuta mstari niliokuwa nautafuta bila kujua: wanafunzi wakianguka zaidi ya nusu katika somo lolote, karatasi zote zitachukuliwa kwa mwalimu na kusahihishwa upya na baraza la mitihani. Niliusoma nikasimama, nikakaa, nikausoma tena. Kisha nikanunua pipi nikagawa darasa zima, wakaniuliza kuna nini, nikasema nimefurahi tu.

Kwa miaka yote ile hakuna aliyelichungulia swali lile kwa sababu hakuna aliyeanguka. Kasha ndilo lililokuwa likimlinda Mwongozo. Sisi wenyewe, kwa kusaidiana, tulikuwa tumemjengea ukuta.

Mwaka wa tatu niliomba kuwa mtunza kasha. Nilichaguliwa bila mpinzani, na uongozi wa darasa wakaniongezea, kwa kuwa nina mdomo.

Wiki mbili kabla ya mtihani, Jumamosi mchana, mtunza kasha huwa anakaa na darasa ukumbi wa chakula na kupitia maswali, mwaka hadi mwaka. Meza zilikuwa zimefutwa lakini bado zinanata. Tulikuwa hamsini na mmoja. Nilipofika swali la dozi nilitoa karatasi mpya, nimeiandika kwa mkono wangu, nikasema, "Hapa mnisikilize. Mwaka huu ni nne. Ameshaurekebisha mwongozo wake. Mwenye ile karatasi ya zamani aichane."

Mtu mmoja akauliza nimejuaje. Nikasema, "Kasha limewahi kukudanganya?" Nikasikia karatasi zinachanwa, meza kwa meza. Niliwapa jibu sahihi la hesabu, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Niliwajua watu wale. Nilijua nani mama yake amemwekea bango nyumbani la kumpongeza kabla hajamaliza. Nikaendelea na swali linalofuata.

Hamsini na mbili ndilo lilikuwa darasa zima. Aliyekosekana ni mwenzangu wa chumbani, tuliyemwita Taratibu kwa jinsi alivyokula, alivyotembea na alivyosoma, mstari mmoja mara nne. Alikuwa kwao, babu yake anaumwa. Alikuwa amekwisha kurudia mwaka mara moja, na chuo hakikupi mara ya tatu. Aliporudi nilimwambia, huku nakunja nguo ili nisimtazame, "Swali la dozi mwaka huu andika nne."

"Kwa nini amebadili?"

"Amebadili tu."

"Nani kakwambia?"

"Wewe andika nne, Taratibu. Mbona una maswali kama polisi?"

Alitoa kwenye daftari lake kile kivuli cha karatasi ya dada, akakisoma, akakirudisha. Pale ndipo nilipotakiwa kufunga mlango na kumweleza kila kitu. Sikumweleza. Niliogopa akiujua ukweli utamtoka, maana hajui kusema uongo hata wa salamu. Nikajiambia ataandika nne kama wengine.

Mtihani ulifanyika. Mtoto safari hii alikuwa wa kike. Mwongozo alizungukazunguka katikati ya madawati na faili lake kwapani, na alipopita kwangu nilinusa koti lake, harufu ya wanga wa dobi, nikajua ni mkono wa nani uliolinyoosha.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki tatu. Tuliofanya ni hamsini na wawili. Walioanguka ni hamsini na mmoja. Aliyefaulu alikuwa mmoja, na jina lake lilikuwa la Taratibu.

Watu walisimama mbele ya ubao ule wakausoma kama wanasoma taarifa ya msiba. Kisha wakageuka kunitazama mimi. Nilisukumwa, nikavutwa mtandio, kuna aliyenitemea mate yakanipata begani. Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na nikawaambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Nne ni sahihi. Pigeni hesabu. Karatasi zinakwenda baraza, ukurasa wa thelathini na moja." Wengine hawakusikiliza. Wawili walifunga virago siku hiyohiyo. Taratibu alisimama pembeni ameshika simu, anampigia babu yake kumwambia amefaulu, na anajaribu kushusha sauti ili sisi tusiumie.

Baraza lilikuja siku ya kumi, watu watatu. Mkubwa wao alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya kamba, anabeba kikokotoo chake mwenyewe kwenye pochi. Waliita wahusika chumba cha mikutano: mkuu wa chuo, Mwongozo, na kiongozi wa darasa, yaani mimi. Karatasi hamsini na mbili zilikuwa mezani, mikasi ya wino mwekundu imezijaa.

Yule mama hakumuuliza chochote kuhusu kufaulu wala kuanguka. Alimpa chaki. "Mwalimu, tunaomba utufanyie swali la dozi ubaoni."

Mwongozo alitabasamu. Nadhani alidhani ni heshima. Akaandika kumi na sita mara kumi, akaandika mia na sitini, akagawa kwa arobaini, akaandika nne. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, ameshaanza kugeuka kutukabili. Halafu akasimama. Akaitazama ile nne. Akaifuta kwa kiganja, akapiga tena, ikatoka nne. Akafungua faili, akachungulia, akalifunga. Nimekula sikukuu nyingi maishani mwangu lakini sijawahi kushiba kama siku ile.

"Hawa hamsini na mmoja wameandika ngapi?" yule mama akauliza.

"Nne."

"Na ukawapa?"

"Sifuri." Akalipapasa faili. "Kwa mujibu wa mwongozo."

"Hebu tuuone."

Aliitoa ile karatasi kama mtu anayetoa jino. Ilikuwa ya njano, kivuli cha kivuli cha kivuli, mistari imefifia. Yule mama aliishika kwenye mwanga wa dirisha. "Uliuandaa mwaka gani?"

Mwongozo akaanza kulifunga faili.

"Mwalimu, uliuandaa wewe?"

"Niliukuta," akasema. "Nilipokabidhiwa somo. Ulikuwa kwenye droo ya mwalimu aliyenitangulia, pamoja na maswali."

Mkuu wa chuo akatumwa stoo. Alirudi na vumbi kichwani na faili la yule mwalimu wa kabla. Karatasi ya asili ilikuwemo, imepigwa taipu, nyeusi, safi. Ilisema 4.0. Ile nukta ilipotelea kwenye mashine, nakala moja baada ya nyingine, na aliyeishika miaka kumi na moja hakuwahi hata siku moja kukaa na penseli akalifanya swali lake mwenyewe. Alikuwa anaishi kwa karatasi za zamani za mtu mwingine, bwana yule. Naye alikuwa na kasha lake, tena la kijani.

Nilisimama bila kuruhusiwa. Nikawaambia: "Kuna mwanafunzi alifukuzwa hapa kwa kukutwa na majibu yasiyo yake. Karatasi yake ya mtihani iko stoo, kanuni zinasema mnazitunza miaka mitano. Naomba isomwe."

Mkuu wa chuo akaanza kusema suala hilo lilikwisha kufungwa. Yule mama akamwambia, "Lifungue."

Ilisomwa. Mama yule aliisoma mwenyewe kwa sauti, mpaka lile ombi la chini, "kabla hatujaingia kazini". Kisha alivua miwani akamuuliza Mwongozo ni wangapi waliohitimu kwake katika miaka hiyo kumi na moja, na kama anajua kila mmoja anatoa ngapi huko alipo. Mwongozo alikaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, bahati kiti kilikuwepo. Kazi yake iliota nyasi pale pale, barua ya kumwachisha ilikuja kuwa karatasi tu.

Ningependa kuishia hapo. Ndipo nilipokuwa naishia kila nilipoiota miaka minne.

Matokeo yalibandikwa upya Ijumaa. Hamsini na mmoja tumefaulu dozi. Aliyeanguka ni mmoja. Watu walikuwa wananibeba juujuu, walewale wa mate, wananiita shujaa, na mimi nikamwona Taratibu anausogelea ubao, anausoma mstari wake mara nne kama kawaida yake. Nilijiteremsha nikamfuata chumbani. Alikuwa anatoa kwenye kasha kurasa zake zote, moja moja, anazipanga.

"Nilijua nne ni sahihi," akasema. "Nilipiga hesabu. Lakini ile karatasi ya duara iliandikwa na mtu asiyejificha, imeeleza yote, hili la mtihani na hili la kazi. Wewe uliniambia umenipa mgongo. Ningemwamini nani?"

Nikamwambia ile karatasi ni ya dada yangu. Nikamwambia yote, kwa kuchelewa.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningeandika nne, ningeanguka nanyi. Nisingemtaja mtu." Nilitaka kumjibu kwamba yeye hajui uongo, nikaona aibu. Baraza, kwa sababu ya mchafuko wote ule, lilimpa nafasi ya kurudia mtihani mmoja baada ya miezi mitatu. Alihamia chumba kingine. Kwenye kasha sasa hakuna hata mstari wake mmoja.

Barua ya dada niliipeleka Alhamisi. Nilitaka iwe Alhamisi. Dobi kulikuwa na mvuke na joto, madirisha yanatiririka maji, na yeye anapiga pasi. Aliifungua kwa kidole kilicholowa. Adhabu imefutwa, arudi, afanye mtihani wa marudio wa miezi mitatu ijayo, apewe cheti chake. Alisoma mpaka mwisho. Nilikuwa nangoja acheke, apige kelele, anikumbatie. Akauliza, "Na huyo mmoja aliyeandika arobaini?"

Nilikuwa nimemsimulia. "Yupo. Anarudia naye."

"Aliandika kwa sababu niliandika mimi."

"Aliandika kwa sababu sikumwambia mimi."

"Sawa," akasema, na hakunipunguzia hata kidogo. "Mwambie aje. Tutasoma wote hapa, baada ya kazi. Asipotaka kukuona, wewe usiwepo."

Hapo kengele ya mlango ikalia, Mwongozo akaingia. Hakuwa na faili. Alikuwa na fulana ya kawaida, mikono yake mirefu haijui pa kukaa. Aliponiona alisita, halafu akaweka kikaratasi juu ya kaunta, kama Alhamisi zote. "Namba saba," akasema. "Ni mali ya chuo, natakiwa nilirudishe stoo ndipo wanipe barua zangu."

Dada alilitoa kwenye henga. Lilikuwa limenyooka, kola inasimama. Alilishika, hakumpa.

"Usisumbuke, Mwalimu. Nitalirudisha mimi. Jumatatu niko huko."

"Wewe unakwenda chuoni kufanya nini?"

Dada akasukuma ile barua juu ya kaunta mpaka ikagusa kikaratasi chake. Aliisoma amesimama. Alifika kwenye jina, akainua uso, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne akamtazama mtu aliyekuwa anamkabidhi koti. Nikaona anavyohesabu zile Alhamisi, moja moja, na safari hii hesabu ilimtoka bila mwongozo.

"Ni wewe siku zote?" akauliza.

"Siku zote," dada akasema. "Acha kikaratasi hapo."

Alikiacha. Alitoka bila kufunga mlango, ukabaki unapiga kengele yake ndogo. Mimi nilikuwa na maneno ya kumtupia mgongoni, nimeyapanga tangu sekondari, na sikuyapata hata moja. Dada alilikunja lile koti, mikono ndani, kola juu, akalifunga kwenye karatasi na kuandika juu yake kwa mwandiko ule wa duara: stoo ya chuo. Kisha akanipa kitambaa, akaniambia nifute madirisha kama nimekuja kusimama tu.